Mkaja wa Betri

Mkanda ule niliununua kwa hasira. Mimi ni bwana shamba, na siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya wakulima wa pamba kule Sapiwi nikiwaeleza faida ya kupanda kwa mstari, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hilo tumbo langu nalo nililipanda kwa mstari au nililimwaga tu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilicheka nao, maana bwana shamba akinuna hasikilizwi tena, lakini njia nzima ya kurudi Bariadi nilikuwa nimekasirikia pikipiki, vumbi, na mke wangu anayepika vizuri.

Jioni hiyohiyo nikaona tangazo kwenye simu. Kijana mwenye tumbo lililogawanyika kama mkate wa kukatwa amelala kwenye kochi, amejifunga mkanda mweusi, anatabasamu. Baada ya siku chache mzigo ulishuka kwenye basi la kutoka Mwanza. Ulikuwa mkanda wa mpira, ndani una vipande viwili vya kugusa ngozi, na katikati kijidude cha betri chenye vitufe viwili, cha juu cha kuongeza na cha chini cha kupunguza. Unalowesha vile vipande kwa maji, unajifunga, unalala chali. Umeme mdogo unaikamata misuli ya tumbo, unaikaza sekunde kadhaa, unaiachia, kisha unaikaza tena. Mke wangu alipoliona tumbo langu linaruka lenyewe huku mimi nakula chipsi mayai, alicheka mpaka akatoka nje.

Kilichofuata sikukipangia. Mama mkwe wangu alipasuliwa ngiri ya tumboni hapa mjini, na daktari akasema asirudi kwanza Shishiyu, akae karibu na hospitali mpaka mshono ukauke sawasawa. Karibu maana yake ni kwangu.

Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na mimi nimelelewa ndani yake tangu nachunga ng'ombe wa baba yangu. Lakini nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja haikujengwa kwa ajili ya heshima ya namna hiyo. Nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia koridoni. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi mke wangu akishafika kutoka shuleni anakofundisha. Tulipolazimika kusemeshana mke wangu akiwa hayupo, tuliongea na vitu. Yeye aliuambia mlango, "Chai iko mezani." Mimi niliiambia redio, "Dawa za mchana zisisahauliwe." Wageni walidhani tumechanganyikiwa.

Shida yake ilikuwa moja. Akishasimama alitembea vizuri, akishakaa alikaa vizuri, lakini akilala hakuweza kuinuka. Uzazi wa watoto wanane ulishailegeza misuli ya tumbo, na kisu kikamalizia. Kila asubuhi mke wangu alipitisha mikono chini ya mabega yake akamnyanyua kama mtoto mchanga, na mimi chumbani kwangu nikawa nasikia kitanda kikilia na mama mtu mzima akisema "polepole, mayu, polepole", akimwita mama binti yake wa kumzaa. Daktari alisema asijikaze, asinyanyue hata ndoo, maana nyama za ndani bado hazijashikana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alitaka kumfundisha namna ya kuiamsha misuli hiyo taratibu. Mama alipoona mtaalamu mwenyewe ni kijana wa umri wa wajukuu zake, akakaza kanga kiunoni akasema yeye hafunuliwi na mtoto. Akarudi nyumbani vilevile.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, watu Shishiyu walikuwa wanapanda, na kila jioni mama aliuliza kupitia kwa mke wangu atarudi lini kwake. Mke wangu alikuwa anamjibu, "Ukiweza kuamka mwenyewe, mama." Jioni moja mimi nilikuwa sebuleni na mkanda wangu, pazia tu limetutenganisha na korido, na nikajisikia kusema kwa sauti kubwa, "Huu mkanda si mchezo. Nikiuvaa mwezi mmoja, naamka kitandani bila kugusa mkono. Hata mgonjwa wa kubebwa ungemwinua." Uongo mtupu. Tumbo langu lilikuwa palepale. Lakini mwanamume akishanunua kitu kwa hasira lazima akitetee, na mdomo huponza kichwa, ingawa safari hii kichwa chenyewe hakikuwa changu.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa nikauacha mkanda juu ya mkono wa kochi.

Siku hiyo mvua ilinikatizia safari ya Sola. Nilifika nusu ya njia, pikipiki ikazama kwenye udongo mweusi mpaka kwenye mnyororo, nikageuza. Nilirudi nyumbani saa tisa, saa ambayo sipaswi kuwa nyumbani. Dada anayetusaidia kazi alikuwa amekwenda msibani kwao tangu juzi. Nilikohoa mlangoni kama kawaida. Hakuna aliyeuambia mlango wala ukuta kitu chochote. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na chini ya kelele zile nikasikia mtu anaguna.

Aliguna, akanyamaza. Nikahesabu bila kujua kwa nini nahesabu. Akaguna tena, akanyamaza, kwa nafasi ileile. Nilisimama katikati ya sebule nikiwa nachuruzika maji, nikautafuta mkanda kwenye kochi, haupo. Mguno ule niliujua. Ulikuwa mwendo wa mkanda wangu, kaza, achia, kaza, achia, ila sasa ulikuwa unakaza juu ya mshono wa wiki tatu.

Kwenye kikaratasi kilichokuja nao kulikuwa na orodha ya watu wasioruhusiwa kuuvaa. Nilikisoma siku ya kwanza huku nacheka. Wajawazito, wenye shida ya moyo, waliofanyiwa upasuaji karibuni. Nilikumbuka picha ya mtu mwenye kovu tumboni iliyopigwa mstari wa kukataza juu yake.

Nilimpigia mke wangu. Simu iliita mpaka ikakata, maana akiwa darasani simu hukaa kwenye mkoba. Nikapiga tena. Nikatoka mbio mvuani mpaka kwa jirani, mama mtu mzima ambaye angeweza kuingia chumbani bila neno, nikakuta geti lina kufuli. Nikapiga kelele upande wa pili, mvua ikazimeza. Nilirudi nikasimama nje ya mlango wa chumba chake, mkono kwenye kitasa, na mkono ukakataa. Nawaambia ukweli, nilikuwa na miaka arobaini na tatu, nina diploma ya kilimo, na mkono ulikataa kufungua mlango.

Nikauambia mlango, "Kama kuna mtu amevaa mkanda, auvue."

Mguno. Kisha sauti yake, Kisukuma kikavu, akimwambia nani sijui, "Haufunguki. Umefungiwa kanga."

Nikaelewa mara moja, na nikazidi kuogopa. Mama alipouona mkanda hakuona mashine. Aliona mkaja, ule mshipi wa nguo ambao mwanamke akishajifungua anafungwa tumboni ili tumbo lirudi. Alifungwa mkaja mara nane maishani mwake, na mkaja ukishafungwa haufungwi kwa utani. Alijifunga mkanda wangu, tena mkavu bila maji, ndiyo maana ulikuwa unachoma, na juu yake akazungusha kanga na kukaza fundo kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akalala, kwa sababu kila siku alisikia kwamba mwenye kuuvaa hulala.

"Kuna vitufe viwili," nikauambia mlango, napiga kelele kuishinda mvua. "Vinashikika juu ya kanga. Kibonyezwe cha chini. Cha chini! Kibonyezwe mara nyingi mpaka utulie."

Nikasikiliza. Mguno uliofuata haukuwa mguno. Alipiga ukelele.

"Cha chini!" nikasema tena.

"Ndicho!" akalia. "Ndicho hicho cha chini! Mayu wee!"

Kila alipobonyeza ukelele ulipanda, na mimi kwa ujinga wangu nikawa namhimiza abonyeze, mpaka akili ikanijia. Mkaja hauna juu wala chini. Mtu anauzungusha tu kiunoni. Mama alikuwa ameuvaa mkanda kichwa chini, na kitufe chake cha chini kilikuwa cha kuongeza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango kwa heshima zangu zote, nikimwongezea umeme mama wa mke wangu.

"Acha!" nikapiga kelele. "Cha juu! Kibonyezwe cha juu!"

Hakujibu. Ilipita nafasi ya kukaza, ikapita ya kuachia, na sikusikia sauti yoyote. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na mimi nikauona uso wa mke wangu akiniuliza nilikuwa wapi mama yake anakufa, nami namjibu nilikuwa koridoni, naheshimu. Nikafungua mlango.

Alikuwa amelala chali, ameng'ata pembe ya kanga ili asipige kelele tena, mikono yote miwili imeshika chuma cha kitanda. Macho yetu yalikutana. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya ndoa yangu kumtazama usoni, na nikaona kwamba mke wangu amechukua macho yake. Kisha akajifunika uso mzima kwa kanga.

Nilipiga magoti. Fundo lilikuwa ubavuni, limekazwa na kila mruko wa tumbo, na vidole vyangu vilikuwa na maji na matope. Nikapapasa kitufe juu ya kitambaa, nikabonyeza cha upande wa kichwa chake, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mpaka tumbo likatulia. Nililifungua fundo kwa meno. Nikazungusha kanga, nikautoa mkanda, na hapo tumbo lake likawa mbele yangu.

Nilitakiwa kuutazama mshono, nikautazama. Ulikuwa mwekundu, umevimba upande mmoja, lakini haukuwa umeachia. Niliona na vingine. Ngozi ilikuwa na mistari mingi inayong'aa, imepanda na kushuka kila upande, imelegea kama gunia lililokwisha kumwagwa. Katika mistari ile mmoja ni wa mke wangu. Nilimfunika kwa shuka, nikatoka kinyumenyume na mkanda mkononi, nikafunga mlango, nikakaa chini koridoni na mgongo ukutani. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuijua, na sikujua kama ni ya kuingia au ya kuchelewa kuingia.

Mvua ilipungua. Baada ya muda mrefu sauti yake ikauambia ukuta, "Kuna mtu alisema mkanda ule unamwinua mtu bila mikono."

Kulikuwa na ndoo koridoni. Niliiambia ndoo, "Mtu huyo alisema uongo. Anajisifu."

"Aliyelala alijua kwamba akilala hawezi kuinuka mwenyewe," akasema. "Aliuambia mkanda, ukiniinua, kesho naenda kwangu. Mtu anazeekea kwa mkwe wake? Anajisikia anakula kwa mkwe, anakwenda choo cha mkwe, anakohoa mkwe anasikia. Afadhali mshono upasuke."

Wiki zote zile nilidhani mimi ndiye ninayebanwa na heshima ndani ya nyumba yangu, mimi ninayetoka alfajiri, mimi ninayekula nimesimama jikoni. Sikuwahi kufikiria kwamba yule aliyelala upande wa pili wa ukuta alikuwa anahesabu kikohozi chake mwenyewe.

Mke wangu alirudi saa kumi na nusu akatukuta hivyo, mimi sakafuni, mama yake kitandani, mkanda umelala kati yetu kama nyoka aliyeuawa. Nilimweleza yote. Akaingia kwa mama yake. Tulimpeleka hospitali jioni ileile. Daktari alisema nyama za ndani hazijaachia, ila Mungu ndiye aliyezishika, wala si sisi. Yule kijana wa mazoezi alinigeukia mimi. Alisema umeme wa namna ile nao una kazi yake, hata wao huutumia kuiamsha misuli iliyolala, lakini kwa jeraha lililopona, kwa kipimo, na mkono wa anayejua. Kisha akauliza kama ningeruhusu ng'ombe aliyetoka kuzaa jana avute jembe leo. Bwana shamba kuulizwa hivyo! Nilistahili.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, uso ameugeuzia dirishani. Akamwambia binti yake, "Mwambie huyo kijana anifundishe. Aliyekatazwa kuona ameshaona. Yeye ana nini?"

Wiki zilizofuata zilikuwa za kupumua. Hilo tu, kwanza. Kupumua huku tumbo linavutwa ndani taratibu, kupinda magoti, kuyaacha. Kisha kugeuka ubavu, kushusha miguu chini, kujisukuma kwa kiwiko. Nilisikia yote kupitia ukutani, nikawa navuta tumbo langu naye bila yeye kujua. Sikumsemesha wala yeye hakunisemesha. Hata milango na redio tuliacha kuziambia kitu. Nilidhani ndiyo imekwisha hivyo, kwamba nimeokoa mshono nikapoteza mkwe.

Na habari ilikuwa imeshafika Shishiyu. Mke wangu alimwambia dada yake, dada yake akamwambia mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyewaambia wote. Asubuhi moja mjomba wa mke wangu, mdogo wa mama, akaja na fimbo yake akakaa kwenye kochi langu palepale mkanda ulipokuwa umelala. Mke wangu alimsalimia kwa kupiga magoti. Mimi nilisema "Mwangaluka" yangu, akaiitikia akiwa anatazama mlango.

"Nimekuja kumchukua dada yangu," akasema. "Na nimekuja kwa jambo la pili. Mwanamume amemwona mama mkwe wake tumbo, amemshika. Hili halipiti hivihivi. Wazee wamesema mbuzi, na maneno ya kuomba radhi mbele ya watu, huko kwetu."

Nilikuwa tayari kukubali. Kwa kweli nilikuwa tayari kutoa hata ng'ombe, mradi tu mtu aniambie kosa langu lilikuwa lipi hasa.

Kitanda kikalia chumbani. Mke wangu akanyanyuka haraka kwenda kumwinua mama yake kama kila siku.

"Acha," sauti ikasema kutoka kule ndani.

Kitanda kililia tena, mara moja, kwa urefu. Nilimsikia akivuta pumzi na kuitoa. Nikasikia miguu ikigusa sakafu, mmoja, halafu wa pili. Mke wangu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nimelikaza tumbo langu mpaka linauma. Kisha hatua.

Alitokea kwenye pazia la korido, amejifunga kanga mbili, hajashika ukuta. Niliinama, nikageuka kuelekea mlango wa nyuma kama inavyonipasa.

"Kaa," akasema.

Sikujua anamwambia nani, maana hakuna mlango wala ndoo upande aliokuwa anatazama. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama mimi.

"Siku ya mahari," akamwambia mdogo wake, lakini macho hakuyatoa kwangu, "mlimwambia huyu atoe mkaja wa mama, malipo ya tumbo lililozaa. Akatoa. Mkaupokea ninyi, mkashangilia, na tumbo lenyewe halijui. Juzijuzi ndiyo ameufungua mkaja wenyewe kwa meno yake. Huyo mbuzi ni wa nini? Ng'wanawane, mwanangu, kaa."

Nikakaa.